Kioo cha mbele: Kabla ya kuuliza orijino au kopi, soma pembe ya kioo

Mwaka jana, msimu wa masika, nilikuwa nikirudi Mombasa kutoka Kilifi. Karibu na Mtwapa, pale ambapo barabara inapanuliwa, lori la kokoto lililokuwa mbele yangu lilirusha jiwe. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya kunde. Lilipiga kioo cha mbele upande wa abiria, likaacha alama isiyozidi kucha ya kidole gumba. Nikasema alhamdulillahi halikupita ndani, nikaendelea na safari yangu. Siku nne baadaye, kwa jua la nje na baridi ya kiyoyozi ndani, alama ile ilikuwa imekwisha kuwa ufa uliovuka kioo kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Dukani, kijana muuzaji hakunizungusha. "Ami, ziko aina tatu. Kuna jenuini ya kuagiza, elfu arubaini na mbili. Kuna eksi-Japani, elfu kumi na tatu. Na kuna kopi, elfu tisa pamoja na kukifunga. Chagua mwenyewe." Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile. Nikachagua kopi, na baada ya saa moja nilikuwa barabarani.

Usiku wa kwanza niligundua kuwa taa za magari yanayokuja zinaonekana mbili mbili. Mvua iliponyesha, maji yakaanza kudondoka juu ya miguu ya abiria. Fundi akaja, akapaka silikoni juu ya ile iliyokuwapo, akaondoka. Miezi sita haikupita kabla ya kutu kuanza kuchungulia chini ya raba. Fundi mwingine alipokitoa kioo kile, alinionyesha mambo mawili: fremu ilikuwa imekwaruzwa kwa kisu hadi kwenye bati bila kupakwa praima, na katika pembe zote nne za kioo hapakuwa na alama hata moja ya ubora. Nilinunua kioo mara mbili na kulipia kutu juu yake.

Silitaji duka, kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilitajiwa bei tatu nikauliza swali moja tu, la bei. Nimeandika makala hii kwa sababu naona wengi wetu tunafanya vivyo hivyo, na wakati huu tulio nao kosa hilo linazidi kuwa ghali. Magari yanayoshushwa bandarini kwetu hapa si yale ya miaka kumi iliyopita, na kioo cha mbele cha magari hayo kina kazi zaidi ya kuzuia upepo na mvua.

Maneno yanayotuchanganya

Katika mazungumzo ya gereji tuna maneno mawili, orijino na feki, na chochote kisichokuwa cha kwanza tunakitupa kwenye la pili. Hapo ndipo tunapoanza kupotea.

Kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi vioo. Toyota, Nissan na wenzao hununua vioo kwa viwanda vya vioo kama vile AGC na NSG vya Japani, Saint-Gobain cha Ufaransa na Fuyao cha Uchina. Kioo kinachotoka kiwandani kikiwa na nembo ya kampuni ya gari ndicho tunachokiita jenuini. Lakini viwanda hivyo hivyo huuza pia vioo vya kubadilishia, vyenye jina la kiwanda bila nembo ya gari. Bei hushuka, na mara nyingi ubora hukaribiana sana.

Halafu kuna viwanda vingine ambavyo havikupewa kazi na kampuni ya gari lile, lakini vimepima umbo lake na kutengeneza kioo chao kwa jina lao. Hiyo ndiyo kopi. Kopi si haramu wala si feki. Iko iliyopimwa ikapita, na iko ambayo haikupimwa na mtu. Feki ni kile kioo kilichobandikwa nembo au alama ambayo mwenye kiwanda hakupewa, na hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008.

Eksi-Japani nacho kina nafasi yake. Ni kioo kilichotolewa kwenye gari lililovunjwa. Kwa kuwa kilikuja na gari, huwa kimekaa sawasawa na macho hayachoki kukitazamia. Lakini kimeshatumika. Tazama ukingo wake kwa makini, kwani wakati wa kung'olewa ndipo kingo huchubuka, na ufa mdogo wa ukingoni utatembea siku utakapopita tuta kwa kasi. Kielekeze juani pia uone kama uso wake umechakazwa na mchanga na waipa.

Kwa hiyo zile aina tatu za kijana wa dukani zilikuwa tano au zaidi, na kati ya kopi nzuri na kopi mbaya kuna umbali mkubwa kuliko kati ya kopi nzuri na jenuini.

Kioo hiki kinafanya kazi gani

Kioo cha mlangoni kikivunjika humwagika kama chumvi ya mawe. Hicho kimepikwa kwa joto na kupozwa ghafla ili kisitoe vipande vya kukata. Kioo cha mbele ni kingine. Ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Kikipigwa hupasuka lakini hakimwagiki, kwa sababu utando unashika vipande. Ndio maana jiwe langu la Mtwapa halikunifikia usoni.

Kazi ya pili haionekani. Kioo cha mbele kikishagandishwa kwa gundi yake huwa sehemu ya mwili wa gari. Gari likipinduka, husaidia paa lisibonyee. Na katika magari mengi, eabegi ya abiria hufumka kuelekea juu, ikaegemea kioo, ndipo ikamrudia abiria. Kioo kikiwa kimeshikwa na silikoni ya kuzibia masinki, eabegi itakisukuma nje, na mama aliyeketi pale mbele hatakuwa na kitu cha kumpokea.

Kazi ya tatu ni kuona. Kioo kilichokunjwa vibaya kiwandani hupinda mwanga. Mchana hutatambua, lakini usiku barabara ya Malindi, na mabasi yakija na taa kamili, utaona taa nne mahali penye mbili.

Soma pembe

Kila kioo cha gari kilichopimwa kina mhuri mdogo kwenye pembe, uliochomwa ndani ya kioo, usiotoka kwa kukwaruzwa kwa ukucha. Mwenye simu apige picha aikuze. Haya ndiyo ya kutafuta.

Herufi E na nambari ndani ya duara, pamoja na 43R karibu yake, inamaanisha kioo kimepita kanuni nambari 43 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vioo vya usalama vya magari. Nambari iliyo kando ya E hutaja nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 Ufaransa, 4 Uholanzi, 11 Uingereza. Haitaji mahali kiwanda kilipo. Kioo cha Uchina kinaweza kuwa na E4 na kikawa halali kabisa. DOT pamoja na AS1 ni alama za soko la Marekani, na AS1 ndiyo daraja la kioo cha mbele. Ukiona AS2, hicho hakikukusudiwa kukaa mbele ya dereva. CCC ni alama ya lazima ya Uchina. Vioo vingi vya Japani vina alama ya JIS.

Kioo kisicho na alama yoyote kati ya hizi hakina aliyekidhamini. Hakuna bei itakayokifanya kiwe rahisi.

Alama nazo huigizwa, kwa hivyo ongeza jaribio la macho. Mwambie muuzaji akisimamishe kioo wima, simama hatua chache nyuma yake, tazama nguzo ya stima au ukingo wa ukuta kupitia kioo, kisha sogeza kichwa taratibu kushoto na kulia. Nguzo ikicheza kama nyoka, mshukuru muuzaji, uende duka la pili. Jaribio hili ni la bure, nami ningelifanya mwaka jana ningeokoa elfu tisa.

Gundi, na chumvi yetu

Hapa kuna jambo ambalo ndugu zetu wa bara hawasumbuliwi nalo kama sisi. Hewa yetu ina chumvi. Bati likichubuliwa rangi Mombasa, Lamu au Malindi, kutu haingoji. Gundi ya kioo haishiki bati moja kwa moja, hushika rangi iliyo juu ya bati. Rangi ikiliwa na kutu, kioo kinakuwa kimegandishwa kwenye kutu, na siku ya ajali hutoka nayo.

Fundi anayejua kazi yake hufanya haya: hukata gundi ya zamani akaacha utando mwembamba bila kufika kwenye bati, hupaka praima kila mahali palipochubuka, hutumia gundi ya poliyurethani iliyotengenezewa vioo vya magari, na hutazama tarehe ya mwisho kwenye mkebe wake. Gundi hii hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, na unyevu tunao wa kutosha, alhamdulillahi. Hata hivyo inahitaji saa zake, zilizoandikwa na mtengenezaji. Anayekuambia "washa uende" hajasoma mkebe. Ukilichukua gari, acha dirisha moja wazi kidogo siku ile, kwa sababu mlango ukifungwa kwa kishindo hewa ya ndani husukuma kioo kabla gundi haijashika.

Nataka niseme wazi: kopi yenye alama, iliyofungwa na fundi wa namna hii, ni salama kuliko jenuini ya elfu arubaini iliyobandikwa kwa silikoni chini ya mwarubaini.

Kamera iliyo nyuma ya kioo

Sasa tufike kwenye jambo linalobadilisha hesabu yote. Shirika la Viwango, KEBS, kwa kufuata kiwango cha KS 1515, haliruhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kuanzia Januari 2026, hilo limekuwa na maana ya magari yaliyosajiliwa mwaka 2019 au baada yake. Kila mwaka mstari huo husogea mbele.

Toyota ilianza kuweka mfumo wake wa usalama unaotumia kamera mwaka 2015. Subaru ilikuwa imetangulia na kamera zake mbili, na Honda, Nissan na Daihatsu wana mifumo yao. Kufikia 2019, magari mengi ya Japani ya kawaida, hata yale madogo ya kwendea sokoni, yalikuwa na kamera imekaa nyuma ya kioo karibu na kile kioo cha kutazamia nyuma. Kutoka Novemba 2021, Japani ilianza kulazimisha magari mapya ya abiria yawe na breki zinazojifunga zenyewe hatari inapotokea. Magari hayo yanakuja kwetu, mengine yameshafika.

Kamera hiyo hutazama barabara kupitia kioo. Ikiwa kioo kina unene tofauti, kimepinda kidogo, au kishikio cha kamera kimebandikwa upande, kamera haioni barabara ilipo. Tufanye hesabu ya shule ya msingi: kamera ikikosea kwa digrii 1 tu, kitu kilicho mbele kwa mita 50 itakiona karibu sentimita 87 kando ya mahali kilipo. Hiyo inatosha kumtoa mwendesha bodaboda mbele ya gari na kumweka kando ya barabara, machoni pa kompyuta. Au kinyume chake, gari likafunga breki ghafla kwa kitu kisichokuwapo, na nyuma yako kuna trela la kontena linalokwenda Mariakani.

Ndiyo sababu kioo kikibadilishwa, kamera inapaswa kupangwa upya kwa vifaa maalum, kazi inayoitwa kalibresheni. Japani wenyewe hawakulichukulia jambo hili kwa wepesi. Tangu Aprili 2020, sheria yao inataka karakana inayong'oa au kufunga kioo chenye kamera hizi iwe na idhini maalum. Sisi tunachukua gari lile lile, tunalipeleka kwa fundi yeyote mwenye waya wa kukatia gundi, na tukirudishiwa kamera ikiwa imefungwa kwa gundi ya sekunde, tunasema kazi nzuri.

Kwa gari lenye kamera, basi, ushauri wangu ni tofauti. Nunua jenuini, au kioo cha kiwanda kinachojulikana kilichotengenezewa mahsusi toleo lile lenye kamera, na usikubali kukifungwa kabla ya kujua kalibresheni itafanyiwa wapi na kwa kiasi gani. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya kioo. Kama taa ya onyo imewaka kwenye dashibodi baada ya kufungwa, usikubali kuambiwa "hiyo ni kawaida, itazima yenyewe". Na taa isipowaka, hiyo peke yake si ushahidi kuwa kamera imekaa sawa.

Mwenye gari la zamani lisilo na kamera hana haja ya kujitwisha mzigo huu. Kopi yenye alama na gundi nzuri inamtosha.

Bima inalipa kipi

Mwenye bima ya thadi pati pekee asijisumbue kupiga simu, kioo chake ni cha mfuko wake. Mwenye komprehensivu afungue karatasi yake leo, si siku ya jiwe. Sera nyingi huweka kiwango maalum cha kioo, mbali na thamani ya gari, na kiwango hicho huweza kutosha kopi kikashindwa hata kugusa jenuini yenye kamera. Waulize mawakala wenu maswali matatu: kiwango changu cha kioo ni shilingi ngapi, mtanilipia kioo cha aina gani, na kalibresheni imo au haimo. Kiwango kikiwa kidogo, kinaweza kuongezwa kwa ada kidogo wakati wa kuhuisha bima. Baada ya ajali hakiongezwi.

Na kabla ya hayo yote kuna kuziba. Alama ndogo ya jiwe, isiyokuwa mbele ya macho ya dereva na isiyofika ukingoni, huweza kujazwa resini na kusimama hapo kwa miaka. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mimi nilijenga kuta mbili.

Dhamana ya muuzaji na ya serikali

Nimewasikia wafanyabiashara wakisema wateja wenyewe ndio wanaotaka rahisi. Ni kweli, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini anayechagua rahisi akijua, na anayechagua rahisi kwa kufichwa, hawalingani. Tulisomeshwa madrasa kisa cha Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni, akakuta chini imeloa. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyoloa juu watu wakaiona. Kuuza nafaka iliyoloa hakukukatazwa. Kilichokemewa ni kuificha. Kioo cha kopi nacho ni vivyo hivyo: kiwekwe juu, kiitwe kopi, mtu akinunue kwa hiari yake.

Hata Katiba yetu imesema hivyo kwa lugha yake. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo. Kutimiza haki hiyo kwa kioo hakuhitaji tume wala semina ya hotelini. Kunahitaji risiti iliyoandikwa mambo manne: kiwanda cha kioo, alama ya ubora iliyomo, aina ya gundi, na kama kamera imepangwa upya na nani. Duka linaloona haya kuandika hayo limeshakujibu.

KEBS wako bandarini, na vioo hivi vinapita mbele yao kwa makontena. Waanze na kisicho na alama, kwa sababu hicho hakihitaji maabara kukitambua. NITA wana kituo chao hapa Mombasa, na kaunti zetu zina vyuo vya ufundi. Kozi fupi ya vioo na kamera ingewapa vijana wetu kazi ambayo kwa sasa wachache wanaijua, na ambayo kila meli ya magari inaiongezea wateja. Bandari ni yetu, magari yanapita kwetu kwanza, na si aibu ndogo tukiwa wa mwisho kujua namna ya kuyatengeneza.

Wewe msomaji, ukimaliza hapa, nenda hadi kwenye gari lako, uiname, uisome pembe ya kioo chako. Kama hujui kilichoandikwa, muulize fundi wako. Kama naye hajui, umeshajua jambo moja muhimu kabla jiwe halijakufikia.